Mafumbo Katika Nyimbo za Kufokafoka

Na Mwalimu wa Kiswahili

Gazeti letu la muhula uliopita lilipotoka nilitazamia kwamba wasomaji wangeanza na ukurasa wa michezo, kama ilivyo desturi yao. Haikuwa hivyo. Kwa muda wa wiki mbili, bwaloni na hata katika chumba cha walimu, watu walibishana juu ya makala mbili fupi. Ya kwanza iliandikwa na mvulana wa Kidato cha Tatu, aliyesema kwamba nyimbo za kufokafoka, ambazo wenyewe huziita hip-hop, ni kelele za wahuni na hazina maana yo yote. Ya pili ilikuwa ya msichana wa Kidato cha Tano. Yeye alidai kwamba kila mstari wa nyimbo hizo una siri tatu au nne ndani yake, na kwamba asiyeziona amekwisha zeeka.

Kwa hesabu ya msichana huyu mimi nimekwisha zeeka, maana nina miaka arobaini na sita. Walakini namwomba Bwana Mhariri nafasi niseme kwamba wote wawili wamekosea. Tena naona kosa la huyu wa pili, ingawa ni la mtu apendaye nyimbo, laweza kudhuru watu kuliko la yule azichukiaye.

Kwa huyu wa kwanza jibu langu ni fupi. Watu wa nchi hizi hawakungoja muziki kutoka Marekani ndipo wajifunze kusema jambo moja na kukusudia la pili. Mama zetu huvaa kanga yenye jina lake, wakapita mbele ya mlango wa jirani mara mbili, mara tatu; jirani akaelewa, wala hapana neno lililosemwa. Akiulizwa, mvaaji atajibu kwamba alinunua ile kanga kwa ajili ya rangi zake. Katika habari za Fumo Liyongo twasoma kwamba shujaa huyo alipokuwa kifungoni alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake na maneno ya fumbo, kwamba amwokee mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi walikuwa na desturi ya kula kila chakula kizuri kilicholetwa. Walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakamwachia mfungwa, naye akakata minyororo. Walinzi wale walikuwa na macho mazima. Kosa lao ni kuona wishwa na kuishia hapo.

Tena tazama mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwaka 1776 hata 1840. Wakati wake Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakishindana na Sayyid Said wa Unguja, na shairi lililosema juu ya chombo baharini liliweza kuwa lasema juu ya mji na vita. Waliolisikia siku ile sokoni walijua. Sisi tunaokuja nyuma tusingejua mengi, kama si Mwingereza mmoja, Taylor, kuandika mashairi hayo pamoja na maelezo ya mambo yaliyokuwa yakitukia. Aliyempa habari nyingi alikuwa mzee wa Mombasa aliyezikumbuka nyimbo hizo na sababu zake. Diwani ilichapishwa mwaka 1940 kwa kazi ya Hichens. Nami hufurahi kila mara nikumbukapo kwamba mzee huyo aliyejua mambo yote hayo jina lake lilikuwa Mwalimu Sikujua.

Basi nyimbo za kufoka zilipofika kwetu, zilikuta nyumba imekwisha jengwa. Zenyewe zilizaliwa New York, katika sehemu iitwayo Bronx. Watu wengi huitaja tarehe 11 Agosti 1973, siku ambayo Kool Herc, kijana mwenye asili ya Jamaica, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Dar es Salaam ilipata kundi la Kwanza Unit mwaka 1993. Nairobi vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walitoa wimbo walioupa jina la Tafsiri Hii, na jina hilo peke yake ni changamoto kwa msikilizaji. Hata neno Bongo, ambalo muziki wetu umeitwa kwalo, ni mchezo wa maneno. Mgeni hudhani ni ngoma zile ndogo mbili za Cuba. Mwenyeji ajua kwamba ni ubongo, maana mjini pasipo akili hapakaliki.

Mvulana wa Kidato cha Tatu na ausikilize wimbo wa Ndio Mzee wa Professor Jay, uliotoka mwaka 2001. Ndani yake mwombaji kura awaahidi watu mambo mengi ya ajabu, na kundi lamwitikia kila mara kwa maneno hayo mawili ya utii. Mtu akiyachukua maneno kama yalivyo atasema wimbo huu wamsifu mgombea. Sijapata kumwona mtu aliyekosea hivyo. Kwa nini? Kwa sababu ahadi zenyewe zinazidi mpaka, moja juu ya nyingine, hata msikilizaji akaambiwa na wimbo wenyewe kwamba asisadiki. Dalili imo ndani. Hilo ndilo jambo la kushika: fumbo lililotungwa vema huja na ufunguo wake, ama ndani ya maneno, ama katika mambo ambayo mtunzi na wasikilizaji wake wote wanayajua.

Wimbo huo ulikuwa katika albamu iitwayo Machozi, Jasho na Damu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwa furaha kwamba ameigundua siri: jina hilo latoka kwa Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliyewaahidi watu wake vitu hivyo katika hotuba ya Mei 1940. Nikamwambia kwamba Fela Kuti wa Nigeria naye alikuwa na wimbo wa mwaka 1977 ambao jina lake lakaribia hilo hilo. Tena mtu aliyelima, aliyelia na kuumia hahitaji Churchill wala Fela ili ayaweke maneno hayo matatu pamoja. Kijana akanuna. Sikusema kwamba amekosa. Nilimwambia aandike «yafanana na», asiandike «yatoka kwa», mpaka apate dalili. Kati ya maneno hayo mawili pana safari ndefu, na vijana wetu wengi huiruka kwa hatua moja.

Nami nasema hivi kwa sababu niliiruka mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Tupac Shakur alipopigwa risasi mjini Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996, akafa tarehe 13. Picha yake ilikuwa katika vinyozi na nyuma ya daladala. Tulimpenda kama ndugu. Mwezi wa Novemba ikatoka albamu aliyoifanya chini ya jina la Makaveli, na katika jina la albamu hiyo pana maneno ya siku saba. Bwenini kwetu palikuwa na mtaalamu, mvulana mrefu ambaye sasa ni fundi umeme, akatuandikia hesabu ukutani kwa mkaa. Alipigwa risasi tarehe saba. Alikufa na miaka 25, na mbili na tano ni saba. Alikufa saa kumi na dakika tatu alasiri, ambayo Wamarekani huandika 4:03, na nne na tatu ni saba. Toka tarehe 7 hata 13 ni siku saba, ukihesabu na ile ya kwanza. Na Machiavelli, Mwitaliano ambaye Tupac alijipa jina lake, si ndiye aliyejifanya amekufa ili awapate adui zake? Basi Tupac yu hai, atarudi baada ya miaka saba! Tulisadiki. Mimi niliandika katika kalenda.

Kumbe Machiavelli hakujifanya amekufa. Alikufa kweli, mjini kwao Florence, mwaka 1527, kama watu wote. Na zile siku saba maana yake ni nyepesi mno: kazi ya kuitengeneza albamu ilichukua siku kama saba studioni. Ni sawa na seremala kuandika juu ya meza kwamba ameiunda kwa juma moja.

Haifai kucheka sana, maana katika mtu yule yule palikuwa na fumbo la kweli, nasi hatukulishughulikia. Jina la Tupac lenyewe lilikuwa limebeba habari. Mama yake, aliyekuwa katika chama cha Black Panther, alimpa jina la Túpac Amaru wa Pili, kiongozi wa watu wa Peru aliyewaasi Wahispania akauawa mwaka 1781. Hilo lilikuwa wazi kwa ye yote aliyeuliza, tena linakusaidia kuelewa kwa nini katika nyimbo zake mtu mwenye bunduki mara ni mhalifu na mara ni mwasi. Walakini lilitaka kusoma historia kidogo, na sisi tulikuwa na mkaa mkononi.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni hii. Habari ya Peru yaeleza maneno mengi ya mtunzi. Ukiijua, wasoma vizuri zaidi. Hesabu ya saba haielezi hata mstari mmoja. Inakusanya kila kinachoafikiana nayo na kutupa kisichoafikiana. Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1971. Saba zikaonekana katika mwaka, na mwezi wa sita ukaachwa.

Mtu atasema: hata tukikosea, kuna hasara gani? Ni mchezo wa vijana. Basi nitaeleza jambo lililonipata katika shule moja ya bweni niliyofundisha zamani, ambayo sitaitaja jina. Sina sababu ya kujivunia.

Wakati wa ukaguzi wa mabweni, kiranja alikuta daftari chini ya mto wa kijana wa Kidato cha Nne. Kijana huyu alikuwa mfokaji, au kama wasemavyo wao, mchanaji. Siku za Jumamosi wenzake walimpigia meza naye akachana. Tofauti na wengi wa kundi lake, yeye alihesabu mizani kama alivyofundishwa darasani, ingawa vina vya kati hakuvijali. Katika ukurasa mmoja palikuwa na mistari hii minne:

Ijumaa ikifika, mbuzi nitamkalia,
Yule wa macho matatu, kichwa nampasulia,
Damu yake ni nyeupe, bwalo litafurahia,
Fuvu lake litupeni, motoni litaishia.

Sharti msomaji ajue kwamba Makamu Mkuu wa Shule alikuwa na ndevu fupi zilizochongoka kidevuni, na wanafunzi walimwita Mbuzi. Mwenyewe alijua. Daftari likafika mezani kwake, na jioni ile ile Kamati ya Nidhamu ikaitwa.

Tulikuwa watu watano. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, niliombwa nifasiri, nami nikafasiri kwa dakika tano bila kusita. Nilieleza kwamba kumkalia mtu ni kumshinda na kumdhulumu. Kumpasua kichwa hakuhitaji mwalimu. Bwalo kufurahi kwaonyesha kwamba wako wenzake katika njama. Na moto wa mstari wa mwisho ni moto. Miaka ile habari za mabweni kuungua zilikuwa zikisikika huku na huku, na neno moto lilitosha kumnyima Mkuu wa Shule usingizi. Je, macho matatu? Nikasema ni sitiari ya mtu aonaye kila kitu, na Makamu kwa kweli alikuwa akiona kila kitu. Na damu nyeupe? Hapo nilipita kimya kimya, wala hapana aliyeniuliza. Walinisifu kwa ujuzi wangu.

Kijana alipoitwa alisimama akiangalia chini. Alisema, «Ni mistari tu, mwalimu.» Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Tukaona ni kiburi. Alipelekwa nyumbani kungoja Bodi ya Shule ikutane, akakaa huko wiki tatu, na mtihani wa majaribio wa mkoa ukampita.

Bodi haijakutana, mama yake akaja. Alikuwa mama wa makamo, muuza vitumbua, aliyebadili magari mawili na kumalizia kwa miguu. Mkuu wa Shule akamkaribisha kwa heshima, akamwambia, «Mama, nasikitika, lakini sikiliza mwenyewe aliyoyaandika mwanao.» Akamsomea. Mama akaomba asomewe tena. Kisha akasema, «Walimu wangu, mniwie radhi, mimi darasani sikukaa sana. Lakini hii mbona ni nazi?»

Chumba kikawa kimya. Akatueleza polepole, kama mtu aelezaye watoto. Nani mwenye macho matatu, kama si nazi? Nani damu yake ni nyeupe, kama si tui? Kifuu hutupwa wapi kikiisha kazi, kama si jikoni chini ya sufuria? Na mbuzi, je, ninyi nyumbani kwenu hukuna nazi mmesimama? Tukakumbuka kwamba kila Ijumaa shule ilikula wali wa nazi, na wanafunzi wa Kidato cha Nne ndio waliokwenda kwa zamu jikoni kukuna. Watu watano, wote tumesoma chuo, wote tumekula wali ule mamia ya mara.

Tulicheka, kwa aibu zaidi kuliko kwa furaha. Makamu peke yake hakucheka. Alikuwa mwalimu wa Hesabu, mtu wa maneno machache. Akavuta daftari, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akauliza, «Na kwa nini ameandika nitamkalia?»

Nakiri kwamba siku ile yeye ndiye aliyesoma vizuri kupita sisi sote. Mbuzi ya kukunia nazi ni kitu; twasema mbuzi hii, nitaikalia. Kijana aliandika nitamkalia, kama mtu asemaye juu ya mnyama au juu ya mwanadamu. Wala hakulazimishwa na mizani, maana silabi ni nane hivi na nane vile; hesabu mwenyewe. Yawezekana kumtetea kwamba vitendawili vyetu huvipa vitu uhai, na hilo ni kweli. Lakini katika shule ambayo mwalimu aitwa Mbuzi, na mtoto aliyefunzwa upatanisho wa sarufi, irabu ile moja haikubadilika kwa bahati. Alitaka bwalo zima lisikie jina la Makamu huku likila wali, na mtu asiweze kumshika. Ni kanga ile ile ya mlangoni.

Basi mistari minne ilikuwa imepata wafasiri watatu. Mimi nilisema ni njama ya kuua na kuchoma. Mama alisema ni nazi. Makamu alisema ni nazi, na mimi pia nimo. Fasiri yangu iliacha damu nyeupe bila maelezo na kuyapindisha macho matatu. Fasiri ya mama ilieleza kila kitu isipokuwa silabi moja. Fasiri ya Makamu haikubakiza kitu. Kosa la kijana likawa ni ujeuri, nao una adhabu yake. Alifyeka nyasi nyuma ya maktaba kwa juma zima, akaomba radhi, na Makamu akampa mkono. Hapakuwa na mhalifu po pote.

Miaka baadaye nilisoma habari za kesi moja ya jimbo la New Jersey, Marekani, nikaiona kamati yetu ndani yake. Mtu alishtakiwa kwa kujaribu kuua, naye alikuwa mtunzi wa nyimbo za kufoka. Polisi walikuta madaftari yake, na katika kesi kurasa kumi na tatu za mistari yake zikasomwa mbele ya wazee wa baraza, ingawa mengi yake yaliandikwa zamani kabla ya tendo lenyewe na hayakumtaja aliyepigwa risasi. Akatiwa hatiani. Rufani iliivunja hukumu hiyo, na mwezi wa Agosti 2014 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo ikaithibitisha rufani: mistari haifai kuletwa kama ushahidi isipokuwa iwe na kiungo cha wazi na tendo linaloshtakiwa. Majaji walikumbusha kwamba hapana mtu aaminiye kwamba Bob Marley alimpiga risasi askari mkuu kwa kuwa aliimba hivyo, wala kwamba Edgar Allan Poe alimzika mtu chini ya sakafu kwa kuwa aliandika hadithi yake. Mwaka 2022 jimbo la California likapitisha sheria inayomtaka hakimu apime kwanza, kwa uangalifu, kabla ya kuruhusu wimbo au utungo wa mshtakiwa usomwe katika kesi ya jinai. Sheria hiyo haikufunga mlango, imeweka bawabu.

Nchini kwetu pia watu wenye mamlaka wamesoma wimbo mmoja kwa njia mbili. Mwezi wa Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, nao ukafungiwa, kwa kuwa ulidhaniwa kuitukana serikali. Siku chache hazikupita, Waziri wa Habari akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, kwamba mwimbaji aachiliwe, tena aongeze humo na watu wengine wabaya, kama wakwepa kodi. Wimbo haukubadilika kati ya siku zile mbili. Maneno yalikuwa yale yale, na mwenye sauti yule yule. Aliyebadilika ni msomaji.

Sasa namrudia binti yetu wa Kidato cha Tano. Yeye huona siri katika kila neno kwa sababu ya mapenzi. Mpelelezi huziona kwa sababu ya shuku, na mimi siku ile niliziona kwa sababu nilitaka kuonekana mjuzi. Njia yetu sote watatu ni moja: twashika neno tunalolipenda, twalipa maana tunayoitaka, na maneno mengine ya mstari twayaamuru yanyamaze. Akikosea yeye, wenzake watamcheka darasani. Nilipokosea mimi, mtoto wa watu alikaa nyumbani wiki tatu. Walipokosea wale wa New Jersey, mtu alipewa miaka gerezani.

Wala asiniambie kwamba dawa ni kumwuliza mtunzi na kumaliza. Siku hizi wengi wanajieleza wenyewe; Jay-Z alitoa kitabu kizima mwaka 2010, Decoded, akifafanua mistari yake kwa maelezo ya pembeni, na tangu mwaka 2009 upo mtandao wa Genius ambako mashabiki hufasiri nyimbo mstari kwa mstari, na mara nyingine mtunzi mwenyewe huja kuwasahihisha. Hayo ni mazuri, nami huyasoma. Lakini mwenye kanga hatakuambia kwamba alikukusudia wewe. Yule kijana wetu angeulizwa juu ya ile irabu angeapa kwamba ni kosa la haraka. Tena wimbo ukitoka hautii amri ya mwenyewe. Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, waliouchanganya Kijaluo na Kiingereza kusema kwamba wao hawatishiki, uligeuzwa kuwa wimbo wa upinzani katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2002, na tangu hapo mtu akiusikia hawakumbuki vijana wawili katika muziki; akumbuka mikutano ya kampeni. Hiyo nayo ni maana ya kweli, ingawa ilikuja kwa mlango wa nyuma.

Nimemwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali, kwamba muhula ujao saa ya chama cha midahalo siku ya Jumatano iwe kila juma la pili kwa ajili ya mistari hii. Mwanafunzi atakayekuja na wimbo aulete umeandikwa, na aanze kwa kutueleza maana ya juu juu, neno kwa neno, kabla hajagusa ya ndani. Mvulana wa Kidato cha Tatu na msichana wa Kidato cha Tano nawaalika kwa majina, wakae meza moja. Wazazi walio karibu nao waje wakipenda. Katika Kamati ya Nidhamu ya hapa nimeomba pia kwamba daftari la mtoto likiletwa tena, lisomwe na mpishi wetu mkuu kabla ya kusomwa na mimi. Wenzangu walidhani nafanya mzaha.

Yule kijana alifanya mtihani wa mwisho, akapata daraja chini ya lile tulilomtazamia. Alipokuja kuchukua vyeti vyake aliliomba daftari lake. Lilikuwa la kurasa themanini, na karibu zote zilikuwa zimejaa. Sisi tulikuwa tumesoma ukurasa mmoja. Tulitafuta katika kabati la ofisi, chini ya mafaili na hata stoo, halikuonekana. Mistari minne niliyoiandika hapo juu imebaki kwa sababu niliinakili katika kumbukumbu za mkutano, kwa kalamu nyekundu, nikapigia mstari neno motoni.